Mkono wa Kumimina

Damu ikiwa ndani ya kichupa haimwambii mtu lolote. Ni nyekundu tu, na nzito kidogo. Seli za kinga anazozitaka mtafiti zimo humo, lakini kila moja imezungukwa na mamia ya seli nyekundu. Kuzitoa zikiwa hai, zisistuke wala kuumia, ni ufundi, na mafundi wake hawasifiwi vya kutosha.

Mkazi wa Mwaya, wilayani Kyela, ataielewa hatua ya kwanza kwa kukumbuka mawese. Chikichi zikipondwa na kuchemshwa, mafuta hupanda juu, na mama aliyezoea kazi huyaengua bila kuyagusa maji ya chini. Maabara nayo hutegemea uzito. Mwaka 1968 Arne Bøyum wa Norwei alieleza namna ya kutandika damu juu ya kimiminika ambacho ni kizito kuliko seli nyeupe zinazotakiwa, lakini chepesi kuliko seli nyekundu. Mpaka leo maabara nyingi duniani zinafuata njia hiyo. Kichupa huinamishwa, ncha ya pipeti hugusa ukuta wake, na damu iliyozimuliwa huachiwa iteremke polepole. Mkono ukiharakisha, tabaka mbili huchanganyika na kazi imeharibika. Kichupa kisha huzungushwa kwa kasi karibu nusu saa. Mashine ikimaliza huachwa isimame yenyewe, kwa sababu breki huvuruga kilichokwisha kupangika. Kinachotoka ni pete nyembamba, nyeupe kama ukungu, kati ya majimaji ya njano ya juu na kimiminika angavu cha chini. Hiyo pete ndiyo huenguliwa.

Maelezo hayo anaweza kuyasoma yeyote. Kinachohitaji miaka ni kujua yanayoiharibu pete. Damu iliyokaa mno kichupani huingiza humo seli nyingine nyeupe, zile ambazo kwa kawaida huzama na kubaki chini, nazo hupunguza nguvu ya seli T, yaani seli za kinga unazotaka kuzipima. Kimiminika kilichotolewa moja kwa moja kwenye friji ni kizito kupita kiasi, na seli nyekundu hukwama njiani. Fikiria sasa damu inayotolewa Mwaya, kwenye joto la mwambao wa Ziwa Nyasa, mita zisizofika mia tano na hamsini juu ya usawa wa bahari, ikapandishwa kupitia Tukuyu hadi Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi na baridi ya Juni. Waliozoea kubeba chanjo wangeiwekea barafu. Kumbe barafu haitakiwi. Damu hii hubebwa katika joto la kawaida la chumba, na ifike siku hiyohiyo.

Kyela si ngeni kwa kazi hii. Kituo cha Utafiti wa Tiba cha Mbeya, cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Munich, kiliwafuatilia watu wa kusini magharibi mwa Tanzania kwa miaka kadhaa kuanzia 2006. Mwaka 2016 matokeo ya Kyela yalichapishwa: wenye minyoo ya matende walipata maambukizi mapya ya VVU kwa kiwango kinachozidi mara mbili ya wasio nayo. Swali likawa kwa nini, na jibu likatafutwa kwenye seli zenyewe. Mwaka 2019 watafiti Inge Kroidl, Mkunde Chachage na wenzao walionyesha kwamba kwa wenye minyoo hiyo, seli T za aina ya CD4 na CD8 zimeamshwa mwili mzima. Yaani jambo ambalo wengi tungelichukua kuwa la heri, kinga kuchangamka, hapa liliambatana na hatari. Ndiyo maana huwa nasita nikisikia chupa inauzwa sokoni kwa sifa moja tu, kwamba inaongeza kinga. Inaongeza seli gani, na kwa ajili gani?

Kwenye saratani ya njia ya chakula swali hilo ni la kufa na kupona. Saratani ya umio ni kubwa katika ukanda wa mashariki mwa Afrika, na Malawi, ng'ambo tu ya mto Songwe, ni miongoni mwa nchi zinazoumia zaidi duniani. Mgonjwa mara nyingi hufika hospitali wakati ugali umekwisha kumshinda kumeza. Katika nchi tajiri wapo wanaopewa dawa za kuondoa breki ambazo uvimbe huzibana nazo seli T; ugunduzi wa breki hizo uliwapa James Allison na Tasuku Honjo Tuzo ya Nobel mwaka 2018, na mwaka 2021 Marekani iliidhinisha pembrolizumab pamoja na kemotherapi kwa saratani ya umio iliyokwisha kusambaa au isiyoweza kupasuliwa. Kwa wagonjwa wengi wetu bei yake haishikiki.

Dawa ikishaingia mwilini, nani anasema kama seli zimeitika? Ni hawa mafundi wa kumimina. Damu hutolewa kabla ya dozi ya kwanza, kisha tena baada ya wiki kadhaa. Seli za mwanzo hugandishwa kwa kushushwa nyuzi moja tu ya joto kila dakika, kwa sababu baridi ya ghafla huzijaza barafu ndani na kuzipasua, kisha huhifadhiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika. Za pili zikipatikana na kugandishwa vilevile, zote huyeyushwa siku moja na kupakwa rangi zilezile, ili tofauti itakayoonekana iwe ya mgonjwa, isiwe ya Jumatatu na Alhamisi. Rangi hizo hubebwa na kingamwili zinazonata kwenye alama maalumu za seli. Seli hupita mbele ya miale ya leza moja moja, na kwenye kioo cha kompyuta hutokea wingu la nukta. Fundi huchora mstari: huku zilizojiandaa kuzaana, huku zilizolala. Pa kuuchora hapaamuliwi kwa jicho la matumaini. Kuna kichupa cha kulinganishia, ambacho kimenyimwa rangi moja makusudi.

Na hata mstari ukichorwa sawasawa, kuongezeka kwa seli zilizoamka si ushahidi kwamba uvimbe unapungua. Hilo husemwa na picha za skani, na koo la mgonjwa.

Ninachokiheshimu zaidi hufanyika kabla ya hapo, mara tu seli zinapoyeyushwa. Tone la seli hizo huchanganywa na rangi ya buluu na kutazamwa kwa hadubini. Seli hai huikataa rangi na kubaki angavu, iliyokufa huinywa. Fundi huhesabu mraba kwa mraba. Zilizokufa zikizidi kiwango kilichowekwa, hata kama sampuli hiyo ndiyo pekee ya kabla ya matibabu na utafiti mzima unaingoja, anaandika daftarini kwamba haifai, anatia sahihi, na kuchukua kichupa kinachofuata.