Pikipiki Isiyoanguka Ukaguzi

Honda CG125 ya mwaka 1995 haina cha kumfanya mpita njia ageuke. Injini ni ya pistoni moja, ujazo wake haufiki hata cc 125 kamili, na breki zake zote mbili ni za dramu. Hata ilipokuwa mpya ilinunuliwa na watu waliotaka kufika kazini kwa mafuta kidogo. Lakini zipo pikipiki za umri huo nchini Uingereza ambazo kila mwaka husukumwa ndani ya karakana ya ukaguzi, zikashikwa na kutikiswa kila kiungo, kisha zikatoka na cheti kisicho na kasoro hata moja. Kwa chombo kilichopita majira 30 ya baridi kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi ili barafu isigande, hilo ni jambo kubwa. Kinachostahili sifa ni kazi inayofanyika kati ya cheti kimoja na kingine, kazi ambayo karibu hakuna anayeiona.

Ukaguzi wenyewe unaitwa MOT. Uliwekwa mwaka 1960, Ernest Marples akiwa Waziri wa Uchukuzi, na mwanzoni uliwahusu wenye vyombo vilivyotimiza miaka 10 tu. Vilivyoanguka vilikuwa vingi mno, kikomo kikashushwa hadi miaka 7 mwaka uliofuata, na kufikia 1967 kikawa miaka 3, ambapo kipo hadi leo England, Scotland na Wales. Kwa pikipiki isiyo na kigari cha pembeni, karakana hairuhusiwi kutoza zaidi ya paundi 29.65.

Jambo la kulijua kuhusu mkaguzi ni kwamba hafungui kitu. Hagusi nati, havui kifuniko, hashushi gurudumu. Anatumia macho, masikio, mikono na vifaa vichache vya kupimia. Injini hailengi kabisa: kama inakula oili au gia ya pili inakataa kuingia, hiyo ni shida ya mwenye pikipiki na fundi wake. Anachotafuta ni kama chombo hiki kitasimama kikiambiwa simama, kitakwenda kikiambiwa nenda kushoto, na kitaonekana usiku. Kwa hiyo anayetaka kufaulu hawezi kuficha kitu ndani, na pia hana haja ya kuficha. Kila kinachokaguliwa kiko pale pale ambapo mwenyewe angeweza kukishika Jumapili asubuhi kwa mkono wake.

Chukua shingo ya usukani. Mkaguzi anainua gurudumu la mbele mpaka liachane na sakafu, anageuza usukani polepole kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, na anasikiliza kwa viganja. Akiwa na uzoefu, hatazami hata anapogeuza. Anatafuta kipengele kimoja: pale katikati, usukani ukiwa umenyooka, je, unanasa? Baada ya hapo anachuchumaa, anashika foku zote mbili kwa chini, anazivuta kwake na kuzisukuma. Hata mchezo mdogo sana unasikika hapo, kama mgongano mfupi wa chuma kwa chuma.

Ndani ya shingo hiyo kuna gololi za chuma zilizopangwa katika vikombe viwili, kimoja juu na kingine chini. Pikipiki hutumia sehemu kubwa ya maisha yake ikienda moja kwa moja, kwa hiyo gololi hukaa mahali pamoja, na kila shimo la barabarani huzigongelea papo hapo. Grisi ikikauka, zinachimba vishimo vidogo kwenye kikombe. Usukani unaanza kutaka kujirudisha katikati wenyewe, na mwendeshaji, kwa kuwa mabadiliko yamekuja pole pole kwa miaka, hasikii chochote. Mkono mgeni unasikia mara moja.

Mtu anayeijua kazi yake hangoji vishimo. Anafungua shingo, anazipokea gololi kwenye kitambaa au sinia kabla hazijatawanyika sakafuni, anafuta grisi ya zamani iliyogeuka rangi ya chai ya rangi, na anaipitisha kucha yake ndani ya kikombe. Kucha inaona kisichoonekana kwa jicho. Vikombe vikiwa bado laini, anapaka grisi mpya nyingi kiasi cha kuzishikilia gololi zisianguke wakati wa kurudisha. Halafu inakuja sehemu ambayo hakuna kitabu kinachoweza kuimaliza: kukaza. Nati ya juu ikikazwa mno, usukani unakuwa mzito na pikipiki inayumba kwa mwendo mdogo. Ikilegea, breki ya mbele ikishikwa, foku zinagonga. Kati ya hali hizo mbili kuna nafasi nyembamba, labda robo ya mzunguko wa spana. Fundi anakaza, anainua gurudumu, anaugusa mwisho wa usukani kwa kidole kimoja na kuuachia. Ukianguka wenyewe hadi upande bila kusita, na foku zikivutwa zisicheze, amefika. Nimeona mtu akirudia hivyo kwa nusu saa nzima, akikaza na kulegeza kwa kiasi ambacho mimi niliyekuwa nimesimama kando sikuweza kukiona, na sikumwona akikasirika hata mara moja.

Breki za dramu nazo zina uungwana wake. Kwenye mkono mdogo unaozungusha breki kuna mshale, na kwenye bamba la dramu kuna alama. Ukishika breki, mshale unasogea kuelekea alama kwa kadiri viatu vya ndani vilivyolika. Ukiifikia, muda wa viatu umekwisha. Hakuna haja ya kufungua gurudumu ili kujua. Mkaguzi anataka breki moja ifikie ufanisi wa asilimia 30 na nyingine asilimia 25, na dramu nzuri inafika huko bila taabu. Kinachoiangusha mara nyingi ni kebo. Kebo ya breki ya mbele ni nyuzi za chuma zilizosokotwa, zinapita ndani ya ala ndefu yenye mikunjo, na maji ya mvua huingia kwa juu yakashuka. Dawa yake ni ya kizamani na ya kupendeza: inafunguliwa upande wa mkono, inaninginizwa wima, kipande cha plastiki kinakunjwa kuwa faneli na kufungwa kwa mpira kwenye mdomo wa ala, oili nyepesi inamiminwa, na mtu anakwenda kulala. Asubuhi kuna tone chini. Matone ya kwanza ni meusi au ya rangi ya kutu. Anaongeza oili mpaka yatoke safi. Kabla ya kuirudisha, anakagua kichwa cha kebo, pale inapokaa kwenye mshikio wa breki, kuona kama kuna uzi hata mmoja uliokatika. Uzi mmoja ukikatika, kebo hiyo inatupwa. Haingojwi ukatike wa pili.

Taa ndizo zinazoangusha pikipiki nyingi kuliko kitu kingine chochote, na takwimu za idara inayosimamia ukaguzi huo, DVSA, zimekuwa zikionyesha hivyo mwaka baada ya mwaka. Injini ya pistoni moja inatetemesha kila kitu kilichofungwa kwake. Viungio vya waya vinaota ukungu wa kijani, balbu zinakatika nyuzi. Lakini kuna kasoro moja ya taa ninayoiona kuwa ndiyo inayomtofautisha fundi makini na mwenye haraka. Kwa pikipiki zilizoanza kutumika kuanzia Aprili 1986, taa ya breki lazima iwake kwa breki ya mkono na ya mguu pia. Ile ya mguu inawashwa na swichi ndogo iliyofungwa kwa springi kwenye kanyagio. Ukikaza breki ya nyuma kwa sababu viatu vimelika, unabadilisha mahali breki inapoanza kushika, na swichi inabaki ilipokuwa. Sasa breki inashika kabla taa haijawaka, na aliye nyuma yako haonywi. Mwenye haraka anakaza nati ya breki, anajaribu kanyagio, anaridhika. Makini anakaza nati, halafu anageuka kutazama nyuma, anakanyaga kidogo sana, na anaisogeza swichi mpaka taa iwake pale mguu unapoanza tu kuhisi breki. Ni dakika mbili za ziada, na zinamlinda mtu asiyemjua.

Tairi sitazikalia sana. Kwa pikipiki ya ukubwa huu, kina cha kashata kisipungue milimita 1 katika robo tatu ya upana wake, kuzunguka tairi lote, na yeyote mwenye macho anaweza kujua.

Nimeichagua CG125 kwa sababu wahandisi wa Honda waliitengeneza wakiwaza juu ya nchi ambako pikipiki hubeba mizigo mizito na huonana na fundi mara chache. Ilitoka miaka ya 1970. Walikuwa tayari na injini ya cc 125 yenye kamshafti juu kwenye kichwa cha silinda, yenye kasi na nguvu zaidi, nao wakaamua kurudi kwenye mtindo wa zamani: kamshafti iko chini, ina kiwiko kimoja tu kinachohudumia valvu zote mbili, na vifimbo viwili vinapeleka mwendo juu. Hakuna mnyororo mwembamba wa ndani wa kuchakaa. Mnyororo wa nje, ule unaozungusha gurudumu la nyuma, wakaufunika wote kwa ganda la bati, vumbi na maji visiufikie. Anayeendesha bodaboda Tanzania au Kenya anaufahamu mtindo wa injini hiyo hata kama hajawahi kuliona jina la CG, kwa kuwa pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa barabara zetu zina injini zilizojengwa kwa kuuiga. Mafundi wa chini ya miembe wanaofungua kichwa cha silinda, wakakirudisha na kupima nafasi ya valvu kwa hisia ya mkono, wangekaa mbele ya CG ya huko Uingereza na kuanza kazi bila kuuliza swali.

Urahisi huo ndio unaoipa pikipiki nafasi ya kuzeeka vizuri, lakini haumalizi kazi peke yake. Matokeo ya ukaguzi ya tangu mwaka 2005 yamewekwa wazi mtandaoni, na mwenye namba ya usajili anaweza kuyasoma yote. Humo mkaguzi huandika pia mambo ambayo hayajafikia kuangusha: tairi la nyuma linakaribia kikomo, foku ya kulia ina unyevunyevu wa oili, ekzosi imeanza kutu. Rekodi ya pikipiki iliyotelekezwa ni rahisi kuitambua. Onyo la mwaka huu linarudi mwakani neno kwa neno, na mwaka wa tatu linakuwa sababu ya kuanguka. Kwenye rekodi ya pikipiki iliyotunzwa, onyo linaonekana mara moja na halionekani tena. Ule unyevunyevu wa foku umeandikwa mwaka mmoja, na mwaka uliofuata hakuna neno. Kwa hiyo katikati pale, kabla ya majira ya baridi kuingia, kuna mtu alizivua foku, akamwaga oili chakavu, akaweka sili mpya akiwa makini midomo yake isikatwe na ukingo wa bomba, akapima oili mpya sawa kwa sawa kila upande. Hakuna aliyemlazimisha. Onyo halikatazi chombo kutembea barabarani.

Tangu Mei 2018, chombo kilichotimiza miaka 40 na ambacho hakijabadilishwa sehemu zake kuu hakilazimiki kukaguliwa tena, ingawa mwenyewe bado anawajibika kisheria kukiweka salama. CG za kwanza kabisa tayari ziko upande huo. Wapo wanaoendelea kuzipeleka kila mwaka kwa hiari, nao naona wako sahihi. Mwenye pikipiki ameushika usukani huo kila siku, na viganja vyake vimeshazoea. Anamlipa mkaguzi ili ushikwe na mikono isiyouzoea.