Mabao Matatu ya Kichwa: Samatta Kabla na Baada ya Villa

Weka pamoja mabao matatu ya Mbwana Samatta. La kwanza ni la Novemba 5, 2019, Genk wakiwa Anfield kucheza na Liverpool katika Ligi ya Mabingwa Ulaya. La pili ni la Februari 1, 2020, mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ya England akiwa na Aston Villa, ugenini kwa Bournemouth. La tatu ni la Machi 1, 2020, Wembley, fainali ya Kombe la Carabao dhidi ya Manchester City. Yote ni ya kichwa. Yote yalifungwa ndani ya miezi minne, mbele ya timu za England. Na mechi zote tatu ziliisha 2–1, timu ya Samatta ikiwa ndiyo iliyolala.

Hapa Nakapanya, kama ilivyo Tunduru mjini na Masasi, mabao hayo ndiyo watu wanayoyakumbuka. Sababu haina siri: kibanda umiza kinaonyesha mechi za timu za England. Ligi ya Ubelgiji haionyeshwi, na hata ingeonyeshwa, nani angeacha mechi ya Arsenal aitazame Genk? Kwa hiyo picha ya Samatta iliyobaki vichwani mwa watu imejengwa na sehemu fupi ya maisha yake ya mpira: mechi 14 za ligi na bao moja. Kazi yenyewe, ile iliyomfanya anunuliwe, ilifanyika mahali ambapo sisi hatukuwa tunatazama. Nadhani tumemsoma kwa ukurasa usio wake, na ndiyo maana hukumu ya kwamba "alifeli England" imekaa midomoni kirahisi.

Tuanze na bao la Wembley, kwa kuwa linaeleza mengi. City wanaongoza 2–0 kwa mabao ya Agüero na Rodri. Dakika ya 41, John Stones anateleza, Anwar El Ghazi anaupata mpira na kupiga krosi mara moja. Samatta anaruka mbele, mwili ukiwa sambamba na nyasi, anaugonga wavuni, na hakuna beki aliyemgusa. Wengi husifu kile kichwa. Mimi ningeomba mtazamaji arudishe nyuma picha sekunde mbili. Beki anapoteleza, wenzake wote hugeuka kuutazama mpira, na hicho ndicho kipande cha muda ambacho straika wa aina ya Samatta anaishi nacho. Yeye si wa kupokea mpira akiwa ameupa mgongo lango, akasukumana na mabeki wawili, akasubiri wenzake wapande. Ni mtu wa kuvizia. Anataka mpira uje mapema, beki akiwa bado hajapanga miguu.

Sasa angalia Genk ya msimu wa 2018/19. Kocha Philippe Clement alikuwa na Leandro Trossard pembeni, Ruslan Malinovskyi katikati, na hadi Machi alikuwa na Alejandro Pozuelo. Hao watatu walikuwa na tabia moja: wakiinua kichwa, pasi au krosi imeshaondoka. Samatta alifunga mabao 23 ya ligi, Genk wakawa mabingwa wa Ubelgiji, na yeye akapewa Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora wa ligi hiyo mwenye asili ya Afrika. Agosti 2018 alikuwa ameshawafunga Brøndby mabao matatu katika mechi moja ya mchujo wa Ligi ya Europa. Huyo ndiye Samatta kamili, na ushahidi wake hauhitaji kutafutwa Birmingham.

Villa walimchukua Januari 2020 kwa dharura. Straika wao Wesley aliumia goti siku ya mwaka mpya pale Burnley, na timu ya Dean Smith ilikuwa inahangaika chini ya msimamo. Mchezo wao wote ulipitia kwa Jack Grealish, upande wa kushoto. Grealish ni fundi mkubwa, ila ufundi wake ni wa kuukalia mpira: anavuta beki, anasimama, anakata ndani, anachezewa faulo. Mpaka krosi inakuja, boksi limeshajaa na mabeki wameshachagua nani wamkabe. Bao la Wembley lilipatikana kwa sababu kuteleza kwa Stones kulifupisha safari hiyo yote, krosi ikaja mapema kama zile za Genk. Kisha Machi hiyo hiyo ligi ikasimama kwa ajili ya korona. Iliporejea Juni, Villa walicheza kwa kujilinda zaidi, wakanusurika kushuka siku ya mwisho, na Septemba wakamnunua Ollie Watkins. Samatta akaenda Fenerbahçe. Straika alinunuliwa kwa kazi aliyoifanya katika mfumo mmoja, akawekwa katika mfumo mwingine, akapimwa kwa miezi michache iliyokatwa na ugonjwa wa dunia. Sioni kufeli hapo.

Linganisha na Victor Wanyama wa Kenya. Naye alipitia Ubelgiji kwanza, Beerschot, kisha Celtic ya Scotland, ndipo akaingia Southampton mwaka 2013 na baadaye Tottenham. Alidumu England miaka mingi. Wanyama alikuwa na uwezo mkubwa, lakini pia kiungo mkabaji hujitafutia kazi: mpira usipomfikia, anaufuata na kuunyang'anya. Straika wa kuvizia hana nafasi hiyo. Asipolishwa, anaonekana mzembe.

Ngazi aliyopanda Samatta ndiyo inayostahili kuchambuliwa kuliko kitu kingine, maana hakuruka daraja hata moja. Alianzia Mbagala, katika klabu ya Mbagala Market iliyokuja kuitwa African Lyon, akaenda Simba. Mwaka 2011 Simba walikutana na TP Mazembe ya Lubumbashi, Kongo, katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Mazembe, waliokuwa wamechukua kombe hilo 2009 na 2010, walimwona kwa macho yao wakamchukua. Alikuwa na miaka 18. Vijana wengi wenye sifa kama zake hapo hukimbilia majaribio Ulaya, wakarudi baada ya wiki chache. Yeye alikaa Lubumbashi hadi 2016, karibu miaka mitano, akicheza katika klabu yenye mishahara ya uhakika, viwanja vya mazoezi, na mechi za Afrika kila mwaka. Mwaka 2015 Mazembe walitwaa ubingwa wa Afrika. Samatta alifunga katika mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger. Januari 2016, Abuja, akatangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Mwezi huo huo akasaini Genk.

Na Genk haikuwa klabu ya kubahatisha. Kevin De Bruyne, Thibaut Courtois, Kalidou Koulibaly na Wilfred Ndidi wote walipita pale wakauzwa kwenda ligi kubwa. Ni klabu inayoishi kwa kulea na kuuza, kwa hiyo inampa mgeni muda wa kukosea. Samatta aliutumia muda huo. Alifika akiwa na miaka 23, na msimu wake mkubwa ulikuja akiwa anakaribia 26.

Sasa, taswira yake. Alipotua Villa, Watanzania walifurika katika ukurasa wa Instagram wa klabu hiyo, kila picha ikijaa maoni ya Kiswahili. Ilikuwa furaha ya kweli na ninaiheshimu, kwa kuwa hatukuwahi kuwa na mtu wetu katika ligi tunayoitazama kila Jumamosi. Lakini furaha ile iligeuka kipimo. Alikuwa tayari nahodha wa Taifa Stars, ameshaipeleka nchi AFCON ya 2019 baada ya kukosekana tangu 1980, na ameshafunga dhidi ya Kenya mjini Cairo. Alikuwa na sura ya mtu mpole, asiye na kashfa, anayecheza mechi za hisani na mwanamuziki Alikiba chini ya jina la SamaKiba. Yote hayo yakawekwa pembeni. Wengine walisubiri bao kila wikiendi, na lisipokuja walikasirika kama waliodhulumiwa. Alipochukua ubingwa wa Ugiriki na PAOK mwaka 2024, nderemo zilikuwa ndogo mno kwa ukubwa wa jambo lenyewe.

Kwa kijana wa Nakapanya anayetaka kujua njia, bao la Wembley halimwambii kitu. Mechi ya Simba na Mazembe ya 2011 inamwambia, kwa sababu ndipo Samatta alipoonekana: kwenye mashindano ya Afrika, akiwa na klabu ya nyumbani. Mkoa wetu wa Ruvuma ulikuwa na Majimaji ya Songea, lakini Majimaji walishuka Ligi Kuu mwaka 2018, na hata wangekuwepo, Songea ni zaidi ya kilomita 300 kutoka hapa. Barabara ya lami ya kwenda Mangaka imetusogeza upande wa pili. Kwa barabara hiyo, Ruangwa mkoani Lindi ni karibu kuliko makao makuu ya mkoa wetu wenyewe, na huko kuna Namungo, waliopanda Ligi Kuu mwaka 2019 na msimu wa 2020/21 wakafika makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mzazi mwenye mtoto anayekimbia nyuma ya mabeki kabla mpira haujapigwa, aulize kwanza siku za majaribio Ruangwa.