Alama ya Kuuliza Iliyodondoka: Uhakiki wa Masimulizi ya Kisa cha Mpemba

Kisa cha Erasto Mpemba kinajulikana kwa wengi wetu. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Tanganyika, alitia maziwa ya moto kwenye friji ili atengeneze aiskrimu, nayo yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia kuwa amechanganyikiwa. Baadaye mwanafizikia akamsikiliza, na leo jambo hilo linaitwa Athari ya Mpemba. Nimekisoma kisa hiki katika majarida ya sayansi, nimekisikia redioni, na nimekisimulia mwenyewe. Katika insha hii nadai kwamba namna tunavyokisimulia ina kasoro, na kasoro hiyo inatudhuru darasani.

Tuanze na matini asilia. Mpemba na Denis Osborne, aliyekuwa akifundisha fizikia Dar es Salaam, walichapisha makala yao mwaka 1969 katika jarida la Physics Education. Kichwa chake ni neno moja la Kiingereza, Cool, likifuatwa na alama ya kuuliza. Katika sehemu ya kwanza Mpemba anasimulia yaliyomkuta kwa nafsi ya kwanza. Katika ya pili Osborne anaeleza majaribio yake. Nikiilinganisha makala hiyo na masimulizi ya siku hizi, naona mambo matatu yamepotea.

La kwanza ni sababu ya kitendo chenyewe. Masimulizi mengi humchora Mpemba kama kijana mdadisi tangu mwanzo. Katika makala, yeye ni mwanafunzi mwenye haraka. Wavulana walikuwa wakigombea nafasi kwenye friji, na angesubiri maziwa yake yapoe angekosa trei ya mwisho. Akaamua kuyatia yakiwa moto, huku akijua kwamba angeweza kuharibu friji ya shule. Udadisi ulikuja baada ya matokeo. Tofauti hii si ndogo, kwa kuwa msomaji anayeambiwa kuwa ugunduzi ni wa wenye vipaji tu atajiona hahusiki.

La pili ni wahusika wadogo. Makala inamtaja rafiki wa Mpemba aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga. Huyo alimwambia kuwa wao hutia mchanganyiko ukiwa moto kwa sababu huganda upesi. Kwa hiyo wauzaji walikuwa na habari hii kabla haijafika chuo kikuu. Masimulizi ya leo humfuta muuzaji huyu, pengine kwa sababu shujaa akiwa peke yake hupendeza zaidi. Yumo pia fundi wa maabara wa Osborne. Aliripoti kuwa maji ya moto yametangulia kuganda, lakini akaahidi kurudia jaribio hadi apate jibu sahihi! Fundi huyu anachekesha, lakini pia anaonyesha kuwa hata aliyefunzwa kupima hutamani maumbile yatii kitabu. Akiondolewa, lawama yote humwangukia mwalimu, naye hubaki mhusika bapa, mjinga asiye na sababu. Ilhali mwalimu wa Mkwawa, aliyemkejeli Mpemba kwamba fizikia yake si ya ulimwengu huu, alikuwa na kanuni ya Newton ya kupoa mkononi. Kushuku hakukuwa kosa lake. Alikosea kukejeli pale ambapo angeweza kujaribu.

La tatu, nalo ndilo zito, ni alama ya kuuliza. Masimulizi mengi huishia kwa ushindi: maji ya moto huganda upesi kuliko ya baridi, basi. Hali halisi haiko hivyo. Mwaka 2012 Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza ilialika watu waeleze sababu, na maelezo yapatayo 22,000 yakapelekwa. Wengine walitaja mvuke unaopunguza maji, wengine mzunguko wa maji ndani ya chombo, wengine gesi zinazotoka maji yakichemshwa. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha utafiti ambao haukupata ushahidi wa kuridhisha kwamba athari hiyo ipo katika maji. Walionyesha kuwa kukisogeza kipimajoto kwa sentimita moja tu kunaweza kuleta matokeo ya kupotosha. Kisha mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer walionyesha athari inayofanana na hiyo kwa kutumia chembe ndogo mno ndani ya maji, zikiongozwa kwa leza. Mjadala haujafungwa. Tumeufunga sisi wasimulizi.

Nasema “sisi” kwa sababu nimo. Wakati wa mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya sekondari hapa Uganda, nilikitumia kisa hiki kama kifungu cha ufahamu. Msichana mmoja aliyeketi nyuma akauliza, “Mwalimu, wewe umejaribu?” Darasa likacheka. Nikamwambia ajibu maswali yaliyo ubaoni. Nilikuwa nimetoka kusimulia habari ya mwalimu aliyelikataa swali, nami nikalikataa swali.

Jioni hiyo nilimwomba mama mwenye duka jirani nafasi katika friza yake. Nilitia vikombe viwili vya bati vyenye maji sawa, kimoja cha moto, kingine cha bomba. Nilifanya hivyo siku tatu. Mara mbili maji ya bomba yalitangulia. Mara ya tatu sikuweza kuamua: kikombe kimoja kilikuwa na utando wa barafu juu, kingine kilikuwa na barafu pembeni. Kipi kimeganda? Hapo nikaona kwamba neno letu lenyewe linahitaji kufafanuliwa. Damu huganda, uji huganda, na maziwa yaliyoganda kwa wengi ni mtindi, si aiskrimu. Anayesimulia kisa hiki kwa Kiswahili bila kusema anapima utando wa kwanza au kikombe kizima hajasema jambo linaloweza kupimwa.

Nilirudi darasani na matokeo hayo na kukiri kuwa sijui. Msichana yule akataka kujua kwa nini sikutumia kipimajoto. Sikuwa nacho, nikamwambia hivyo.

Kwa hiyo napendekeza tuendelee kukisimulia kisa cha Mpemba, lakini tukirejeshe na muuzaji wa Tanga, fundi wa maabara na utafiti wa 2016. Heshima ya Mpemba haitapungua. Alichopeleka kwa Osborne kilikuwa swali, na Osborne alimjibu kuwa hajui, akaahidi kujaribu.