Inveta ya Wati 3,000 kwa Ruta ya Wati 10

Ile kazi ya sola juu ya paa kule Amerat, hapa Maskati, mmeiona wenyewe, na video yake imeshapita kwenye simu zetu zote, kwa hiyo sina haja ya kuanza na salamu. Paneli mbili za wati 200 zimeelekezwa kusini kwa nyuzi 24, sawasawa na Maskati inavyotaka. Kontrola ni ya MPPT. Betri mbili za asidi, volti 12, ampea-saa 100 kila moja, zimewekwa ndani ukumbini, hazikutupwa kwenye stoo ya juu zikaungua. Fundi alipunguza hata asilimia 14 kwa ajili ya joto la paneli, kwani Julai hapa kioo hufika nyuzi 65 bila taabu. Yote safi.

Kisha akafungua boksi la inveta.

Wati 3,000. Watu wakapiga makofi. Mimi niliona pale pale kwamba betri zile hazitauona msimu wa pili wa joto, na sitaki kuambiwa kuwa nina ulimi mbaya. Hebu tuhesabu pamoja. Mwenye nyumba anataka nini? Ruta ya wati 10 mchana na usiku. Feni ya wati 50 kwa saa nane. Televisheni ya wati 60 kwa saa nne. Taa tatu za wati nane kwa saa tano. Laptopu na simu za watoto. Yote kwa siku ni kama wati-saa 1,200, na ukiwasha kila kitu kwa mpigo huvuki wati 250. Paneli zile, baada ya joto, vumbi na upotevu wa njiani, zinaleta kama 1,500. Hesabu imekaa, na chenji inabaki.

Sasa ingiza lile dubwana. Inveta ya ukubwa ule ikiwa imewashwa tu, bila hata soketi moja kutumika, hula kama wati 40. Zidisha kwa saa 24: wati-saa 960. Nyumba nzima inakula 1,200, na boksi la kugeuzia umeme linakula 960 kwa kukaa tu ukutani likivuma. Paneli zimeshindwa kabla hatujafika kwenye betri.

Na kwenye betri ndiko kwenye msiba. Betri za asidi hizi mbili zina 2,400 kwa jina, lakini mwenye akili hutumia nusu, 1,200. Kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa moja asubuhi, feni, televisheni, taa na ruta vinataka 900. Inveta inadai 560 zake. Jumla 1,460. Weka inveta ya wati 300 inayokula sita tu: 984, na hata ukiongeza kinachopotea katika kugeuza, bado umo ndani. Paneli zile zile, betri zile zile. Kitu kimoja ndicho kilichoharibu, nacho ndicho kilichopigiwa makofi. Tena inveta hizi hazikati umeme betri inapofika nusu. Nyingi husubiri mpaka volti 10.5, betri imeshakamuliwa. Ule mlio wa kengele kabla ya adhana ya alfajiri, ambao fundi amewaambia ni wa kawaida, ni betri inalia.

Nimejibiwa kwamba ina hali ya kusinzia. Naam, inayo. Lakini mzigo mdogo kama ruta mara nyingi hauiamshi, na intaneti inakuwa ya kuwaka na kuzima. Na kwani ruta inapitia huko kutafuta nini? Ruta yenyewe ni ya volti 12. Tunachukua 12 ya betri, tunaipandisha hadi 240, tunaichomeka adapta, inatushushia hadi 12. Kikontrola kidogo cha kutuliza volti kingemaliza kazi.

Nimeshasema mara ngapi kwamba Maskati tuna maradhi ya ukubwa? Tunawasha Landcruiser ya V8 kwenda kuchukua kikombe cha chai ya karaki kona ya pili. "Kesho nitaweka friji, keshokutwa kiyoyozi." Wati 3,000 kwa volti 12 ni ampea 250, mwana wane, nyaya zile zilizofungwa pale zingeyeyuka kabla ya kiyoyozi kutoa pumzi ya kwanza. Ni hofu ya ile Jumatatu, 5 Septemba 2022, mji ulipozimika mchana, taa za barabarani zikafa na kila mtu akaapa kununua sola. Hofu naielewa. Lakini giza lile liliondoka jioni ile ile.

Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, na tena tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa baharini ulipokufa. Nilikuwa huko huko Unguja, mtaa wa Ng'ambo, wakati ule. Fundi wetu, Mungu amrehemu, alikuwa na mita moja ya mkono na daftari la shule. Hakuwahi kuuliza "wati ngapi?" kwanza. Aliuliza "saa ngapi?", akaandika, akapima kila kifaa mwenyewe, na redio akaiunga moja kwa moja kwenye betri ya gari. Inveta yake ilikuwa ndogo kama boksi la kiatu cha mtoto, na aliizima kwa mkono kila televisheni ilipomaliza taarifa ya habari. Tulimcheka kwa ubahili.

Ijumaa nilipita Amerat baada ya sala. Hakukuwa na kilichowashwa ila ruta. Nikaigusa inveta: ya moto. Mwenye nyumba ananiambia fundi ameshaagiza betri ya tatu.