Hati na Ujuzi: Kuhusu Udahili wa Wanafunzi wa Udaktari wa Fasihi

Katika masharti ya kuwapokea wanafunzi wa shahada ya udaktari wa fasihi mna kifungu ambacho aghalabu husomwa mbiombio. Kifungu hicho humtaka mwombaji awe na shahada ya pili katika fasihi au katika taaluma inayohusiana nayo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito, kwani ndiyo yanayoamua hatima ya mwombaji aliyetoka katika sheria, uhandisi, uuguzi, uandishi wa habari au elimu ya dini. Ni ajabu kwamba idara ambazo kazi yake ya kila siku ni kupima maana ya maneno huyaacha maneno haya bila ya ufafanuzi. Kamati moja huyapanua, nyingine huyabana, naye mwombaji hajui anapimwa kwa pishi ya nani.

Suala hili si la utawala tu. Ni suala la uhakiki, kwa sababu ndani yake mna swali la msingi: ni ujuzi wa namna gani unaomstahilisha mtu kuitwa msomi wa fasihi? Kabla ya kulijibu, yafaa kwanza kutazama jinsi taaluma ya fasihi ya Kiswahili yenyewe ilivyoanza.

1. Waliotangulia

Edward Steere, ambaye vitabu vyake viwili vya mwaka 1870, kimoja cha sarufi na kimoja cha hadithi za Unguja, vilikuwa miongoni mwa misingi ya mwanzo ya taaluma hii katika maandishi ya Kizungu, alisomea sheria kabla ya kuwa kasisi na hatimaye askofu. W. E. Taylor, aliyefanya kazi kubwa ya kukusanya tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, alikuwa mmisionari. Hakuna aliyewauliza wawili hawa shahada ya fasihi ya Kiswahili, kwani shahada hiyo haikuwako.

Lakini Taylor hakufanya kazi ile peke yake. Tungo za Muyaka, aliyefariki mwaka 1840, zilidumu vinywani mwa watu, na Mwalimu Sikujua bin Abdallah ndiye aliyeziandika na kuzieleza. Diwani ya Muyaka ilipochapishwa Johannesburg mwaka 1940, mhariri wake alikuwa William Hichens. Huko Lamu nako, Muhammad Kijumwa, aliyekuwa mshairi, mwandishi wa hati na mchongaji wa mbao, aliwanakilia wasomi wa Uingereza na Ujerumani miswada ambayo bila ya mkono wake huenda ingepotea. Hivyo basi katika chanzo cha taaluma hii walikuwako watu wa aina mbili, wote wakiwa hawana shahada ya fasihi. Wa aina ya kwanza waliitwa wataalamu, na wa aina ya pili waliitwa wasaidizi. Kilichowatenga hakikuwa kiasi cha ujuzi wao, bali mamlaka ya kuweka jina juu ya jalada.

Mgawanyo huo haukuisha ukoloni ulipoisha. Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa mwaka 1927 na kufariki mwaka 2017, hakupata ujuzi wake katika chuo kikuu. Hata hivyo, wasomi wa vyuo vikuu vya Afrika na Ulaya walimwendea ili awasomee miswada, awafafanulie Kiamu na awapatie istilahi. Abdilatif Abdalla naye alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni kati ya mwaka 1969 na 1972. Diwani hiyo ilitoka mwaka 1973 na kupata Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka 1974. Baadaye mshairi huyo, asiyekuwa na shahada, alifundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Leipzig tangu mwaka 1995 hadi 2011. Hapa pana kinaya kisichofichika. Mtu anayeweza kuwafundisha wanafunzi wa udaktari kusoma shairi huenda asingekubaliwa kuwa mmoja wao kama angeomba.

2. Mfano wa Okot p'Bitek

Mfano wa Okot p'Bitek ni mgumu zaidi, na kwa hiyo una mafunzo zaidi. Okot alifika Uingereza mwaka 1956 akiwa mchezaji katika timu ya kandanda ya Uganda, akabaki huko kusoma. Alisoma ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, na elimu ya jamii na mila Oxford. Huko Oxford, mwaka 1963, alipata shahada kwa tasnifu iliyohusu fasihi simulizi ya Waacholi na Walango. Katika orodha hiyo ya masomo hakuna mahali palipoandikwa "fasihi" kama jina la idara. Hata hivyo Song of Lawino, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1966, iligeuza mkondo wa ushairi wa Afrika ya Mashariki.

Je, yatosha kusema kwamba Okot alifaulu licha ya njia yake ya kando? La hasha. Ukiitazama kazi yake kwa makini, utaona kwamba njia ile imo ndani ya kazi. Lawino hulalamika mbele ya ukoo kama mshitaki aletaye shauri lake barazani. Hutaja kosa, hutoa ushahidi, humkabili mshitakiwa na kudai haki. Haiwezekani kuthibitisha kwamba mpangilio huo ulitoka katika darasa la sheria, maana baraza la wazee lilikuwako kabla ya chuo chochote. Lakini inaelekea kwamba mtu aliyezijua baraza zote mbili, ya wazee na ya mahakimu, alikuwa na sikio la kuisikia sauti ya shitaka ndani ya wimbo.

Hata hivyo mfano huu una upande wa pili ambao wanaomsifu Okot huuacha. Tasnifu aliyoiwasilisha Oxford kwa shahada ya udaktari, kuhusu dini ya watu wake, haikupitishwa mwaka 1970. Mwaka uliofuata kitabu chake juu ya mada hiyo kilichapishwa Nairobi, nacho kikasomwa sana. Jambo hili laweza kusomwa kwa njia mbili. Wapo watakaosema kwamba watahini walishindwa kumwelewa, na wapo watakaosema kwamba tasnifu na kitabu ni tanzu mbili zenye kanuni mbalimbali. Lililo wazi ni kwamba kipaji, uzoefu na sifa ya utunzi havikumwokoa mtahiniwa mbele ya jopo. Anayetoka nje ya taaluma hana budi kulitambua hilo mapema.

3. Ujuzi unapogeuka swali

Hapa ndipo penye kiini cha mjadala. Wanaotetea milango wazi husema kwamba uzoefu wa maisha ni elimu. Wanaotetea milango finyu husema kwamba taaluma ina misingi ambayo haipatikani sokoni wala ofisini. Pande zote mbili zina hoja, lakini zote mbili huuzungumza ujuzi kana kwamba ni mali iliyowekwa kabatini, ambayo mtu anayo au hana. Katika utafiti wa fasihi, ujuzi hauna faida mpaka ugeuke kuwa swali.

Chukua Sambo ya Kiwandeo, utenzi wa Nabhany uliochapishwa Leiden mwaka 1979, ambao hueleza uundaji wa chombo cha baharini. Fundi wa vyombo akiusoma utenzi huo atazitambua mbao, zana na hatua za kazi ambazo msomaji wa mjini huziona kama majina matupu. Ujuzi huo ni wa thamani, na mhariri yeyote angeuhitaji. Lakini akiishia hapo, atakuwa ameandika faharasa ya utenzi. Uhakiki huanza anapouliza: ikiwa fundi hujifunza kwa kutazama na kushika, kwa nini kazi hii iliwekwa katika mizani na vina? Ni hatua zipi za kiwandani ambazo mtunzi amezipitia haraka, na zipi amezikawiza, na kwa sababu gani? Maswali hayo hayawezi kuulizwa na asiyejua uundaji, wala hayawezi kujibiwa na asiyejua ushairi.

Ni vivyo hivyo kwa mwanasheria anayeusoma Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858. Neno wasia lina maana mbili: ni mausio ya mzazi kwa mwanawe, na ni tamko la mtu kuhusu mali yake baada ya kufa. Mwanasheria anajua kwamba katika sheria ya Kiislamu wasia wa mali hauvuki theluthi moja ya urithi. Akiwa na fikira hiyo, anaweza kuuliza mama anayehisi kifo kumkaribia anamrithisha binti yake kitu gani pale anapomwachia maneno, na kama maneno nayo yana mpaka wake. Mwalimu wa madrasa anayeusoma Al-Inkishafi naye atausikia mwangwi wa Kurani mahali ambapo mwanafunzi wa nadharia za kisasa hausikii. Lakini kuusikia mwangwi si kueleza kazi yake katika beti. Katika mifano yote hii, taaluma ya awali hufungua mlango, nayo elimu ya fasihi humwonyesha mgeni vyumba.

4. Kamati isome nini?

Mifumo ya udahili hutofautiana katika kile inachokisoma. Nchini Marekani, idara nyingi humpokea mwombaji mwenye shahada ya kwanza tu, kisha humpitisha katika miaka kadhaa ya masomo na mitihani kabla ya tasnifu. Huko insha ya mfano anayoituma mwombaji hutazamwa sana, kwa kuwa huonyesha jinsi anavyosoma matini. Nchini Uingereza, ambako udaktari kwa kawaida huanza moja kwa moja na utafiti, pendekezo la utafiti na kuwapo kwa msimamizi afaaye ndivyo vyenye uzito. Katika vyuo vya Kenya shahada ya pili hutangulia, na jina la shahada hiyo ndilo linaloangaliwa kwanza.

Kila mfumo una kasoro yake. Ule wa kwanza humpa mgeni wa taaluma muda wa kujifunza, lakini humdai miaka mingi ya umri. Ule wa pili humwachia uhuru, lakini huweza kumwacha peke yake na mapengo asiyoyajua. Ule wa tatu hulinda misingi, lakini huweza kudhani kwamba jina la shahada ni sawa na ujuzi wenyewe. Mtu aweza kuwa na shahada mbili za fasihi asiweze kupima mizani ya shairi la bahari asiyoizoea, wala kusoma mswada ulioandikwa kwa hati za Kiarabu.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2014 kuhusu mfumo wa taifa wa sifa za kitaaluma imekubali kwamba ujuzi uliopatikana nje ya darasa unaweza kutambuliwa. Lakini sheria haiwezi kumwambia mhadhiri wa fasihi jinsi ya kuutambua. Kazi hiyo ni ya idara. Badala ya kuliacha neno "inayohusiana" lielee, idara ingeweza kumpa mwombaji wa aina hii matini moja na kumtaka aandike uchambuzi wake, kisha akaulizwa juu yake ana kwa ana. Akionyesha kwamba anaweza kusoma, apokewe kwa sharti la kuyaziba mapengo yake katika mwaka wa kwanza: arudhi na bahari za ushairi, historia ya fasihi, nadharia za uhakiki, na lugha au lahaja ambayo utafiti wake unaidai. Asipoonyesha, akataliwe bila ya haya, hata kama ni mshairi mashuhuri. Huruma isiyo na kipimo humdhuru anayehurumiwa, kwani watahini wa nje hawatakuwa nayo.

Mwombaji naye ana wajibu wake. Maombi mengi ya namna hii huharibika kwa moja ya makosa mawili. Kosa la kwanza ni kuomba radhi. Mwombaji hutumia kurasa kueleza kwa nini hakusoma fasihi, hata kamati ikasadiki kwamba kweli hafai. Kosa la pili ni kujivuna kwa kusimulia safari ya maisha yake kana kwamba safari ni hoja. Maombi yaliyo bora huanza na matini, yakaonyesha ugumu uliomo ndani yake ambao wengine hawajauona, ndipo yakaeleza ni kwa ujuzi gani mwombaji ameuona. Barua za mapendekezo nazo zitoke kwa watu walioishuhudia kazi yake ya kusoma na kuandika. Sifa za mwajiri aliyependezwa na bidii yake ofisini hazitasaidia.

5. Hitimisho

Yanayotegemea uamuzi huu ni makubwa kuliko nafasi ya mtu mmoja. Vizazi vilivyofunzwa misikitini, viwandani na barazani vinapungua. Warithi wao mara nyingi wamesomea taaluma nyingine, kwa kuwa ndizo zilizowapatia riziki. Wakifungiwa mlango, watabaki kuwa akina Sikujua wa zama hizi: watasaili­wa, watanukuliwa, watashukuriwa katika ukurasa wa dibaji, na shahada itachukuliwa na mwingine. Wakipokewa bila ya kufunzwa, tasnifu zao zitakuwa makusanyo ya habari, na fasihi haitakuwa imeongezewa fikira hata moja.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Chombo hakiulizwi mti wake uliota msitu gani. Huulizwa kama mbao zake zimeungana, na kama kinaingiza maji. Kamati za udahili zingefanya vyema kuwapima waombaji kwa namna hiyo hiyo, na kwa ukali ule ule.