Ufundi wa Kupanga Siku Mbili za Dar es Salaam

Ziara fupi ya Dar es Salaam hupangwa kwa kuacha. Siku mbili haziumalizi mji unaotandaa kutoka Bunju hadi Mbagala na kuvuka maji kwenda Kigamboni, na waliobobea katika kupanga enzi za barua walilijua hilo kabla ya kufunga begi. Kila siku waliipa upande mmoja wa mji.

Siku ya Posta, katikati ya mji, hujitosheleza. Soko la Feri huendewa alfajiri, samaki wakiwa ndio kwanza wanashushwa. Baada ya hapo Kanisa la Azania Front la enzi ya Wajerumani, Sanamu ya Askari iliyosimama tangu 1927 na Makumbusho ya Taifa katika Mtaa wa Shaaban Robert, yote hufikika kwa miguu. Siku ya pili ni ya Barabara ya Bagamoyo: Kijiji cha Makumbusho na nyumba zake za asili, kisha vinyago vya Mwenge. Mwenye maagizo ya majirani huacha kimojawapo kati ya hivyo viwili, akaenda kununua Kariakoo asubuhi na mapema.

Siku ya kufika haikuhesabiwa kabisa, na busara hiyo ingali na kazi. Tangu 2021 kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kiko Mbezi Luis, zaidi ya kilomita 20 kutoka Posta.

Lakini kilele cha ufundi huu kilikuwa karatasi ya maelekezo, ambayo mwenyeji aliituma ndani ya barua. Shuka Magomeni Mapipa, usivuke barabara, fuata ukuta hadi kwenye mwarobaini, muulize fundi viatu. Kila mstari ulipimwa kwa macho ya mtu asiyeujua mji. Mti ulipendelewa kuliko genge, maana genge huhama; msikiti ulishinda vyote. Hata Kariakoo wengi walielekeza kwa jengo la soko alilolibuni Beda Amuli, lile lililoungua Julai 2021. Na mwisho wa karatasi hapakukosa mtu wa kuulizwa, hivyo mgeni aliingia nyumbani akiwa ameshasalimiana na mtaa. Mwenyeji naye aliijua siku na saa, akapika kwa hesabu.

Simu imeiondoa karatasi hiyo. Mgeni wa leo hufuata ramani kimya kimya, akampita fundi viatu bila hata shikamoo. Mpango hutungwa usiku wa kuamkia safari, sehemu kumi zilizotawanyika kila pembe ya mji, na nusu yake huishia kwenye foleni. Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza 2016 na treni ya SGR iliyofika Dodoma 2024 yamefupisha mwendo. Kazi ya kuchagua imebaki palepale, na wanaoifanya wanazidi kupungua. Wenyeji nao wamezoea kuletewa ujumbe saa nne usiku kwamba mgeni yuko Mbezi, wakati sufuria zimeshaoshwa na chumba hakijaandaliwa.