Treni za Uwanja wa Ndege: Maoni juu ya Tafsiri Moja

Tumepata kusoma tafsiri ya Kiswahili ya maelezo kuhusu Heathrow Express, yaani huduma ya treni baina ya stesheni ya Paddington mjini London na uwanja wa ndege wa Heathrow. Mfasiri hakutajwa, nasi hatutamtafuta. Kiswahili chake ni chepesi, upatanisho wa kisarufi umetunzwa, na ile tabia ya kuburura sentensi za Kiingereza, ambayo wengi wetu tumezoea kuilalamikia, haimo. Hata hivyo, msafiri atakayeifuata aweza kuachwa na ndege, na mtumishi atakayeitegemea aweza kuagiza vifaa visivyohitajika.

Twaanza na neno dogo ambalo hakuna aliyelitilia shaka, nalo ni ‘mpya’. Mfasiri aeleza kuwa huduma hiyo ilipata treni mpya kabisa. Treni za kwanza, zilizoanza kazi huduma ilipofunguliwa mwaka 1998, ziliondolewa mwishoni mwa mwaka 2020, kwa kuwa karakana yao ya Old Oak Common ilitakiwa kwa ujenzi wa reli ya mwendo kasi iitwayo HS2. Mahali pao pakachukuliwa na treni 12 za aina ya 387, zilizoundwa Derby, ambazo zilikuwa zimekwisha kutumika katika njia nyingine za magharibi ya London. Zilibadilishwa viti, zikawekewa nafasi zaidi ya mizigo, kisha zikaingizwa kazini. Zilikuwa ngeni kwa huduma hiyo, lakini hazikuwa mpya. Mtumishi yeyote aliyewahi kuandika zabuni aijua tofauti ya bei iliyopo kati ya kitu kipya na kitu kilichokarabatiwa.

Kosa la pili ni zito zaidi. Jengo wanamopandia na kushukia abiria wa ndege limeitwa ‘kituo cha mwisho’. Neno la Kiingereza linalohusika lina maana zote mbili, na mfasiri ameshika ile isiyotakiwa. Matokeo yake ni kwamba treni yafika ‘Kituo cha Mwisho cha 2 na 3’, yasimama, kisha yaendelea na safari hadi ‘Kituo cha Mwisho cha 5’! Msafiri wa ndege zinazorukia jengo la 5 akiamini maneno hayo atashuka na mizigo yake mahali pasipo pake. Wala hapakuwa na haja ya kubuni neno. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere una Jengo la Tatu la Abiria, na jina hilo husomwa magazetini kila siku. ‘Jengo la abiria’ latosha kabisa.

Neno ‘ya haraka’ nalo lapotosha. Kinachoitofautisha huduma hii na nyingine si mbio peke yake, bali ni kutosimama njiani: kutoka Paddington haisimami popote hadi ifike Heathrow, mwendo wa dakika 15 hivi. Treni za njia ya Elizabeth, iliyofunguliwa mwaka 2022, nazo huenda Heathrow. Husimama njiani, huchukua muda mrefu zaidi, na nauli yake ni ndogo. Abiria achagua kati ya kusimama na kutosimama, na kati ya nauli kubwa na ndogo. ‘Treni ya moja kwa moja’ ingemweleza jambo hilo.

Sasa tufike kwenye treni zenyewe. Mfasiri asema kila treni ina ‘mabogi manne’ na ‘vichwa viwili’. Mitaani bogi ni behewa, nasi hatuna ugomvi na mitaa. Lakini katika karakana bogi ni kile kiunzi chenye magurudumu kilicho chini ya behewa, na kila behewa la treni hizi lina viwili. Kwa hiyo treni yenye mabehewa manne ina mabogi manane. Na vichwa? Kwa watu wa reli, kichwa ni injini inayovuta mabehewa. Treni hizi hazina kichwa hata kimoja: mota zake zimefungwa chini ya mabehewa, na kilichopo kila upande ni chumba cha dereva. Ndiyo sababu ikifika mwisho wa reli haigeuzwi. Dereva huhamia upande wa pili, safari ikaanza.

Mahali pengine mfasiri, pengine kwa kuliona pengo hilo, ameandika ‘mchongoko’. Jina hili latoka nyumbani. Shirika la Reli Tanzania lilipopokea mwaka 2024 treni za umeme kutoka Korea ya Kusini, zenye pua iliyochongoka, zilipata jina hilo, nalo likakaa vinywani mwa watu bila kamati yoyote kukutana. Sisi tulifurahi. Kati ya Dar es Salaam na Dodoma neno hilo lafanya kazi halisi, kwani latofautisha treni hizo na zile zinazovutwa na kichwa. Lakini treni ya Heathrow ina uso bapa wenye mlango wa kupitia katikati, ili mbili zikiunganishwa watu wapite. Kuiita mchongoko ni kumwita kipara mtu mwenye nywele.

Wako watakaosema kwamba majina hayafungwi na asili yake. Kwamba meli haibebi tena barua, na garimoshi la umeme halitoi moshi, lakini maneno yamebaki. Ni kweli, nasi hatutaki garimoshi lifutwe. Lakini asili ya neno garimoshi imekwisha kusahauliwa na msemaji. Pua ya mchongoko bado yaonekana na kila aliye jukwaani.

Kwa aina hii yote, iwe na pua au isiwe nayo, twapendekeza ‘treni seti’. Neno seti latumika tayari reli zinapopokelewa treni za namna hiyo, na lina faida ya kueleza kuwa mabehewa yake huundwa pamoja na hayakatwi ovyo kama ya treni ya kichwa. Walio na neno bora zaidi watuandikie kabla ya orodha ya istilahi za reli kupelekwa mbele.